Ombi la Kupiga Hodi

Mgeni Rasmi, Bi. Philippa Varcoe, Mwenyekiti wa Bodi ya Kijiji cha Wastaafu cha Trenowden. Meneja wetu, Bi. Tamsin Orchard, wake zetu mliokubali kukaa kwenye viti hivi, na ninyi wenzetu mliokuja kwa ajili ya pai tu: hamjambo nyote.

KARIBU

Sisi wanachama wa Kikundi cha Wanaume wa Jumatano tunafurahi kukuona kwa macho, baada ya kuiona saini yako mara nyingi. Umesafiri kutoka Adelaide kwenye baridi hii ya Julai, na tunajua ulikuwa na sababu za kutosha za kutuma mtu mwingine. Tumekupa kiti kilicho karibu na hita. Hita ni hiyo moja, na suala hilo tutalirudia kwenye maombi.

Risala hii tumeiandika pamoja, tukigombana pamoja, na anayeisoma ni katibu wetu, Stavros Kaloudis, kwa sababu ndiye pekee ambaye miwani yake bado inamfaa.

HISTORIA YETU

Kikundi kilianza miaka tisa iliyopita, mbele ya saluni mjini. Wakati ule wake zetu walikuwa na kila kitu: kwaya, karata, mazoezi ya viungo, nywele siku ya Jumatano. Mwanamke akihamia Trenowden Jumatatu, kufikia Jumapili anajua nani ana kisukari na nani hasemezani na dada yake. Mume wake anajua njia ya kwenda kwenye gari. Basi sisi tulikuwa tunawapeleka saluni, halafu tunakaa nje tukisubiri, kila mtu ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, gazeti limekunjuliwa. Tulipanga mstari mzima mpaka kwenye duka la dawa. Hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Mtu wa kwanza kushuka alikuwa Noel Trezise, ambaye sasa ni mwenyekiti wetu. Maisha yake yote ya kazi Noel alikuwa nahodha wa tagi, lile boti la kuvuta meli za ngano kuziingiza gatini. Hakushuka kwa ushujaa. Betri yake ilikuwa imekufa. Alikwenda kwenye gari la Clem Pascoe akagonga kioo kwa kifundo cha kidole, na Clem akashusha kioo kidogo sana, kama mtu anayeogopa kuuziwa kitu.

"Una waya za betri?" Noel akauliza.

"Ninazo."

"Na hiyo chupa ni ya chai?"

"Ni ya chai."

"Basi shuka, bwana. Unataka ufie humo?"

Jumatano iliyofuata betri ilikuwa mpya, lakini Noel alishuka tena, akaenda akigonga vioo kimoja kimoja. Hivyo ndivyo tulivyopatikana. Baadaye tulipewa chumba hiki, na tunashukuru.

Tangu hapo ikawa desturi. Mwanamume akihamia hapa, au akifiwa na mkewe, Noel huenda mlangoni kwake na pai iliyofungwa kwenye taulo. Anapiga hodi. Akifunguliwa, anasema, "Jumatano, saa nne asubuhi. Hatuimbi." Asipofunguliwa, anaiacha pai mlangoni. Mkewe Noel mwenyewe, Lorna, alipofariki, sisi tulipiga hodi mlangoni kwake mpaka akatutukana. Anasema zile siku hazikumbuki vizuri, ila anakumbuka zile hodi.

MAFANIKIO

Tupo ishirini na watatu. Tunatengeneza baiskeli za watoto wa shule ya msingi. Kila mjane wa kiume hapa anaweza kupika vyakula vinne, isipokuwa Clem, ambaye anapika kimoja mara nne. Majira ya joto tunakwenda kuvua kaa, na mpaka sasa tumerudi na watu wote tuliokwenda nao.

Lakini Mgeni Rasmi, fanikio tunalotaka hasa ulijue lina jina la mtu, Gordon Hosking, na haliwezi kuelezwa bila changamoto. Kwa hiyo tunaomba radhi, hapa tutavuruga mpangilio wa risala. Mwenyekiti wetu aliomba sehemu hii irukwe. Tulipiga kura, akashindwa.

CHANGAMOTO, PAMOJA NA HABARI ZA GORDON

Mwaka jana lilitoka tangazo. Mkazi asigonge mlango wa mkazi mwingine bila kualikwa, na ofisi haitatoa tena majina ya wanaohamia wala habari za misiba. Tunaijua sababu. Mwenzetu mmoja alifanya kazi ya usiku maisha yake yote, mpaka leo analala mchana, na Noel alimwamsha. Tulimwomba radhi. Mpaka leo yeye hatupendi sisi, na hiyo ni haki yake. Hatusemi tangazo lilitoka kwa ubaya. Mtu akifunga mlango wake, ni wake.

Noel alilitii siku ileile. Clem alimwambia, "Sasa wewe nawe, Noel! Nani atakuona?"

"Nimeendesha tagi miaka yote ile sijapuuza taa moja ya bandari," Noel akamjibu. "Nianze leo, na magoti haya?"

Ikaja Aprili. Avis, mke wa Gordon Hosking, akafariki. Gordon alikuwa amemuuguza nyumbani kwa muda mrefu, na kwa muda huo wote hakuja kwetu hata mara moja, maana hakuwa na mtu wa kumwachia. Sisi tulikuwa tunamjua kwa mbali tu. Habari za msiba hatukuzisikia. Noel alizipata kwa msichana wa duka la dawa, alipokwenda kuchukua vidonge vyake vya presha.

"Maskini Bwana Hosking," yule msichana akasema. "Mazishi yalikuwa mazuri lakini. Madogo."

"Mazishi gani?" Noel akauliza.

Yalikuwa yamepita wiki nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo. Noel alirudi nyumbani akasahau vidonge kwenye kaunta.

Nyumba ya Gordon iko kwenye njia ambayo Noel anatembea kila asubuhi kwa amri ya daktari. Sasa kila asubuhi akawa anaona pazia limefungwa. Alituambia baadaye kwamba kuna siku alipanda ngazi mpaka barazani, akainua mkono, kidole kimekunjwa tayari, akatazama nyuma kama mwizi. Akautia mkono mfukoni akashuka. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Hakutuambia ni mara ngapi, na sisi hatukumuuliza.

Halafu ikaja habari ya pipa. Jumatatu kila nyumba inatoa pipa la taka barabarani. La Gordon halikutoka. Jumatatu iliyofuata, halikutoka.

"Hatoi taka, Clem," Noel akasema. "Huyu mtu hali chakula."

Alikwenda ofisini. Bi. Tamsin, ambaye yuko hapa na tunamheshimu, alimsikiliza vizuri, akampigia Gordon simu palepale. Gordon akajibu kwamba yuko salama kabisa, ahsante, hahitaji kitu. Bi. Tamsin alifanya kila alichoruhusiwa kufanya. Tatizo ni kwamba mwanamume wa umri wetu akipigiwa simu huwa yuko salama kabisa. Hata angekuwa amelala chini ya kabati lililomwangukia, angesema ahsante, hahitaji kitu.

Jumatano ile kikao chetu kilizungumzia pipa tu. Ndipo Clem akasema, "Tangazo linasema tusigonge. Halisemi tusikae."

"Tusikae wapi?" Stavros akauliza.

"Kwenye nyasi. Mbele ya nyumba yake. Nyasi ni za nani?"

Noel hakuridhika mpaka alipompigia simu Bi. Tamsin kuuliza nyasi ni za nani. Akajibiwa kwamba nyasi ni za wote. Hakumwambia alikuwa anaulizia nini. Jambo hilo lilimkosesha raha, na ameomba angalau hilo liandikwe humu, kwamba hakumwambia.

Basi tukahamishia mkutano nje. Mei, upepo unatoka ghubani moja kwa moja, wazee tumejifunga mablanketi miguuni kama abiria wa meli iliyovunjika. Jumatano ya kwanza tulikunywa chai tukazungumza kwa sauti. Pazia halikutikisika. Ya pili mvua ilinyesha tukakimbia. Kama kukimbia ndilo neno.

Jumatano ya tatu, njiani, Stavros akauliza, "Huyu Gordon, alipokuwa kijana alikuwa anapenda nini?"

Clem akasimama. Kama kuna mtu anayejua hilo, ni Clem, ingawa hakuwa amelitamka jina la Gordon kwa upendo hata siku moja. Gordon alikuwa mwamuzi wa goli katika mpira wetu wa huku, yule wa koti jeupe na bendera mbili anayesimama nguzoni kuamua mpira umepita wapi. Na ndiye aliyekuwa nguzoni katika fainali ya timu za Bandarini na Migodini, zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Kaka yake Clem, Ross, alipiga mkwaju wa mwisho kabisa. Ungepita katikati ungekuwa pointi sita, na kombe lingekuja Bandarini. Gordon akasema mpira umegusa nguzo. Ukigusa nguzo ni pointi moja tu. Kombe likaenda Migodini. Kuna familia hapa bado hazialikani harusini kwa sababu hiyo.

"Basi tubishane kuhusu hilo," Stavros akasema. "Kwa makosa."

"Kwa makosa vipi?"

"Tuseme uongo. Mimi mke wangu akitaka nitoke chumbani, huwa anasimulia vibaya jinsi tulivyokutana."

Tukakaa. Clem ndiye aliyeanza, na tunakuhakikishia kwamba hakuhitaji kuigiza.

"Nawaambieni, yule mwamuzi hakuwa hata nguzoni!" akapaza sauti kuelekea dirishani. "Alikuwa pembeni, anakula pai!"

"Mimi nilisikia alikuwa amelewa," akasema Stavros, ambaye mwaka ule hakuwa hata ameingia nchi hii.

"Amelewa, tena jua lilikuwa linampiga machoni!"

Noel aliinamisha kichwa. Kusema uongo hadharani kulimtia jasho. Lakini akakohoa, akasema kwa sauti yake ya tagi, ile inayofika meli ya pili, "Na mimi niliambiwa alilala usingizi."

Dirisha likafunguka kwa kishindo.

"Nani kalala? Nani kalala usingizi? Nyie wapumbavu nyie! Nilikuwa chini ya nguzo! Jua lilikuwa mgongoni kwangu!"

Clem peke yake ndiye aliyejibu. "Sema tu ulikuwa mbali, Gordon. Yamepita."

"Nilikuwa mbali? Ngoja. Ngoja hapohapo, usiondoke."

Akatoka. Mgeni Rasmi, tulikuwa tumejiandaa kwa mtu mwenye hasira. Hatukujiandaa kwa yule tuliyemwona. Alikuwa amevaa ndara, sweta limefungwa vifungo kombo, suruali ameikamata kwa mkono mmoja isianguke, kwa jinsi alivyokonda. Noel alituambia kwamba palepale alijua, hata kama kungekuja barua kumi kutoka ofisini, yeye hapo alipokuwa haondoki.

Gordon hakutuangalia. Alichukua viti viwili vyetu, mmoja wetu akiwa bado hajainuka vizuri, akavisimamisha kwenye nyasi vikawa nguzo. Akasimama chini ya kimoja.

"Mimi hapa. Ross yuko pale, mguu wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeumia. Mpira unakuja hivi, unapinda. Nilikuwa sioni kitu kingine duniani. Ukagusa. Tok. Kidogo tu. Nilisikia."

"Watu elfu nne walikuwa wanapiga kelele," Clem akasema. "Ukasikia tok?"

"Nilisikia, Clem."

"Ross amekufa akiamini uliingia."

"Najua. Kila mwaka, siku ile, alikuwa ananinunulia bia na kuniuliza tena. Na mimi namjibu tena. Hakuwahi kukwambia?"

Clem hakuwa ameambiwa. Alikaa kitako akaivua kofia yake, akaitazama ndani.

Gordon naye akaonekana kama mtu aliyeamshwa. Akatazama viti, akatazama ndara zake zilizolowa. Noel akamwona anataka kurudi ndani. Hakuwa na hotuba. Akasema, "Chai bado ya moto. Hatuimbi."

Akakaa. Stavros akampa pai bila kumtazama, akala, akapewa nyingine akala. Sisi wote tukawa ghafla tunaangalia bahari kwa makini sana. Alipomaliza akajipangusa makombo, akasema, hakumwambia mtu yeyote hasa:

"Tangu Avis afe hakuna aliyenibishia."

Akaeleza kwamba jioni za majira ya mpira Avis alikuwa anazima redio, anamwangalia, anamuuliza, "Sasa niambie mimi, Gordon. Kweli uligusa?" Alimuuliza hivyo miaka yote ya ndoa yao, hata kitandani alipokuwa hawezi tena kukaa. Zile Jumatano mbili za kwanza Gordon alikuwa ametusikia. Ya kwanza alisogeza kiti karibu na dirisha. Ile ya mvua, tulipokimbia, alikaa pale mpaka giza, akidhani labda tutarudi.

Noel aliomba radhi kuhusu mazishi. Alisema neno moja tu, "Hatukujua." Gordon akampigapiga goti, kana kwamba mfiwa ni Noel.

Kelele zile ziliripotiwa, ilivyo haki. Noel akapewa onyo la maandishi, la kwanza maishani mwake, na kikundi kikaambiwa kwamba likitokea tena tutanyang'anywa chumba hiki. Clem alitaka onyo litiwe fremu. Noel hakucheka. Kwa siku kadhaa hakutoka, na kikao kilichofuata alisema yuko tayari kung'atuka ili tusipoteze chumba. Aliyesimama kumpinga alikuwa mwanachama mpya, vifungo vya sweta vimefungwa sawasawa. "Kaa chini, Noel," Gordon akasema. "Mimi nimetoa maamuzi yaliyochukiwa zaidi ya hilo, na sikuacha bendera." Noel akakaa.

MAOMBI

Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu.

La kwanza ni hita ya pili. La pili ni viti vyenye mikono, kwa sababu hivi ulivyokalia, mtu wa miaka themanini akishakaa ni vigumu kumtoa. Hayo mawili yakishindikana tutaelewa.

La tatu ndilo lililotufanya tukualike. Hatuombi tangazo lifutwe. Tunaomba kwamba mwanamume anapohamia hapa, akiwa bado anakabidhiwa funguo, aulizwe: wako wazee fulani, je, waje kukupigia hodi mara moja? Akisema hapana, hatutafika. Na akifiwa, aulizwe tena upya, kwa sababu jibu la mtu mwenye mke ndani ya nyumba si jibu la yule aliyebaki peke yake. Aulizwe uso kwa uso, siyo kwa simu. Tumeshaeleza kuhusu simu.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini iko nyumba namba nane. Walihamia watu wawili mwezi uliopita. Tuliona gari lenye vyombo. Alhamisi iliyopita lilikuja gari la wagonjwa likaondoka na mmoja wao. Hatujui ni nani aliyekwenda, na hatujui ni nani aliyebaki. Ofisi inajua, na haijatuambia, kama inavyotakiwa. Leo ni Jumatatu. Mapipa yote ya mtaa ule yako barabarani isipokuwa moja.

Chai iko tayari, na ni ya kwako, unywe kwanza. Baadaye tunaomba utembee nasi mpaka pale. Hatutakwenda kundi zima tukamtisha mtu. Utakuwa wewe, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuruhusu; Bi. Tamsin, ili kila kitu kiwe wazi safari hii. Noel, aliyebeba pai. Na Gordon, ambaye ameomba agonge yeye. Akiambiwa aondoke, ataondoka. Ukisema hapana, hatutakwenda, na pai tutaila hapahapa, ingawa haitashuka vizuri.

Tunakutakia safari njema ya kurudi, barabara kavu, nyumba yenye taa inayowaka utakapofika, na mtu wa kukubishia kwa miaka mingi ijayo.

Tunasubiri jibu lako. Gordon ameshavaa koti.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanaume wa Jumatano,
Trenowden.